Mifuko ya damu ihesabiwe

Msimu wa mvua, malaria hujaza wodi za watoto kusini mwa Maniema. Mtoto huletwa Kasongo kutoka vijiji vya Kabambare, mgongoni mwa mama au juu ya pikipiki, viganja vimepauka, akihema. Ndugu wanaombwa damu, inapimwa, anatundikiwa. Kufikia asubuhi ameketi, anadai uji.

Ila wapo wanaorudi tena na tena: wenye selimundu, ambao huku wengi huwaita watoto wa SS. Congo, Nigeria na India ndizo zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Chembe zao nyekundu huvunjika mapema, malaria huzidi kuzivunja, na kila damu wanayoongezewa huja na chuma chake. Mfuko mmoja wa mtu mzima una miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, wala hauna njia ya kutoa ziada. Chuma hicho hujazana kwenye ini, kwenye moyo na kwenye tezi za ukuaji, bila maumivu yoyote, hata miaka ipite.

Ndiyo maana baada ya mifuko 10 hadi 20 mtoto anastahili kupimwa feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Ikizidi nanogramu 1,000 kwa mililita mara kwa mara, dawa ya kutoa chuma huanzishwa. Ya zamani ni deferoksamini. Huingizwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo, saa 8 hadi 12, karibu kila usiku. Mkojo hugeuka mwekundu, na mzazi ambaye hakuambiwa mapema hudhani ni damu, akaiacha dawa. Na pampu hiyo itunzwe vipi nyumbani, kijijini huko Salamabila? Deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, humezwa mara moja kwa siku. Hiyo ndiyo inayotufaa, na serikali iifikishe huku pamoja na vipimo vyake, kwa kuwa inaweza kudhuru figo na ini. Si dawa ya kununuliwa sokoni kwa kukisia.

Lakini mfuko usiotundikwa hauachi chuma. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu wanaotumia dawa ya haidroksiyurea huhitaji damu mara chache zaidi, hupungukiwa na maumivu, hata vifo hupungua.

Na mifuko inayotundikwa ihesabiwe; kuhesabu hakuhitaji mashine. Mradi wa Kasongo, ulioanza mwaka 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, ulijenga hapa vituo vya afya vilivyoegemea hospitali moja ya rufaa. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha takwimu za chanjo ya surua kutoka kwa watoto wa Kasongo, waliofuatiliwa na kuandikwa mmoja mmoja. Mji uliofanya hivyo zamani zile hauwezi kushindwa leo kuandika kwenye fishi ya mtoto tarehe na kiasi cha kila damu aliyopewa. Mtoto akihamishiwa Kindu, daktari wa huko atajua aanzie wapi.

Sharubati ya kuongeza damu yenye chuma asipewe mtoto wa SS aliyetundikiwa damu mara nyingi, isipokuwa vipimo vionyeshe kwamba chuma kimempungukia. Cha kumpa ni asidi ya foliki, na alale ndani ya chandarua.