Je, Wajua? Wafalme wa Kixhosa Waingia Mjini

Sogea, msomaji, benchi ni refu. Leo tuko Afrika Kusini, Rasi ya Mashariki, kwa Waxhosa.

Je, wajua kwamba ukishuka na ndege East London unapokelewa na mfalme? Tangu Februari 2021 kiwanja cha ndege cha mji huo kinaitwa King Phalo. Huyo alitawala Waxhosa karne ya 18, hata baiskeli hakuwahi kuiona!

Na Phalo ana kisa, tulia. Wazee husimulia kwamba mabibi harusi wawili walimfikia siku moja, mmoja binti wa mfalme wa Wathembu, mwingine wa mfalme wa Wapondo. Ungefanyaje wewe? Ukimtanguliza huyu, umemtukana baba wa yule, na baba huyo ana mikuki. Mzee mmoja akatoa jibu: mmoja awe kichwa cha mfalme, mwingine awe mkono wake wa kulia. Yakaisha! Hadi leo kuna Nyumba Kuu ya Gcaleka na Nyumba ya Mkono wa Kulia ya Rharhabe, wote wawili wana wa Phalo. Mzee yule ningempa ubalozi.

Mwezi huohuo wa Februari 2021 jiji la Port Elizabeth likaitwa Gqeberha. Unamjua Elizabeth mwenyewe? Hakuwahi kulikanyaga! Alifia India mwaka 1818, na mumewe, kaimu gavana, akaupa mji jina lake mwaka 1820.

Kiwanja cha ndege cha Gqeberha nacho kimepewa chifu, Dawid Stuurman. Huyu si Mxhosa, ni Mkhoi, lakini alishirikiana na Waxhosa vitani. Alitoroka gereza la Kisiwa cha Robben mara 2, sikia hiyo, mara 2! Waingereza wakachoka, wakamsafirisha hadi Australia, akafia Sydney mwaka 1830.

Mara ya pili, Agosti 1820, alitoroka pamoja na Makhanda, nabii na kiongozi wa vita wa Waxhosa. Makhanda hakufika nchi kavu, akafa maji. Kwa nini alifungwa? Aprili 1819 aliuvamia mji wa Grahamstown mchana kweupe akiwa na maelfu ya wapiganaji, na mji ukamshinda. Sasa uliza mji huo unaitwaje tangu 2018. Makhanda!

Cape Town je? Langa, kitongoji kongwe cha Waafrika jijini humo, kilichoanzishwa mwaka 1927, kina jina la Langalibalele, mfalme wa Wahlubi. Naye alipitia Kisiwa cha Robben, mwaka 1874. Unaona kisiwa hicho kilivyopenda wafalme?

Hili linatisha kidogo. Mfalme Hintsa wa Waxhosa aliuawa na Waingereza mwaka 1835. Mwaka 1996 mganga mmoja akasafiri hadi Scotland, akarudi na fuvu akisema ni la Hintsa. Wataalamu wakalipima: la mwanamke wa Kizungu!

Je, wajua Nelson Mandela, mtoto wa chifu wa Mvezo, aliingia mahakamani Pretoria mwaka 1962 bila suti? Alivaa ngozi, vazi la Kixhosa. Askari wakataka kumnyang'anya, akakataa katakata.

Miaka 32 baadaye, Mei 10, 1994, Pretoria hiyohiyo ilijaa marais wa dunia nzima kumwona akiapishwa. Na nani akasimama mbele yao? Zolani Mkiva, malenga wa Kixhosa, akimsifu Mandela kama wafalme wanavyosifiwa kijijini. Itifaki ilimpisha!

Malenga hao si watu wa kubeza. Mmoja wao, Samuel Mqhayi, aliongeza beti 7 kwenye wimbo uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu wa Kixhosa wa Johannesburg, Enoch Sontonga. Unaujua wimbo huo, usijifanye hujui! Sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa wa Tanzania, na Zambia wanayo pia. Mwambie mwanao leo, kabla hajasimama mstarini kesho asubuhi.