Sweta ya Mkono Mmoja

Sisi tuliotoka pwani tukahamia Kapseret twajua kuwa kwenye mwinuko huu, mita zipatazo 2,100 juu ya bahari, baridi ya Julai haina mzaha. Ndipo tulipojifunza kufuma. Uzi nao hatuutafuti mbali. Eldoret kuna kiwanda cha Ken-Knit kinachosokota nyuzi. Kila tuonapo rangi mpya dukani, twaanza kazi nyingine: shali, kofia, sweta ya mtoto. Kikapuni zalala kazi nne, wala hakuna iliyokwisha.

Kuanza ni kutamu, kwani rangi ni mpya na kosa halijaonekana. Utamu huisha tufikapo kwenye mikono ya sweta, penye kuhesabu vitanzi na kurudia. Lakini mtoto hangoji. Sweta aliyopimiwa Machi akiwa na miezi sita, ikikawia hadi Agosti, haimwingii tena. Na fedha ya uzi ni fedha ya nyumba.

Sura ya An-Nahl, aya ya 92, yamtaja mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Ni mfano wa wavunjao viapo. Sweta tuliyompimia mtoto nayo ni ahadi. Basi, dada zetu, tuzitoe kazi zote kikapuni. Tuimalize kwanza ile itakayomsitiri mtu baridi hii. Isiyomtosha tena mwenyewe tuifumue bila haya, tuuoshe uzi, tumfumie mdogo wake; kufumua ili kufuma tena si kuvunja ahadi. Uzi mpya na usubiri dukani.