Ndeke wa balkoni na masikio ya mufanyakazi wa shimo

Ku Lubumbashi, mu nyumba moja ya etaji katikati ya mji, kila asubuhi saa kumi na mbili muzee mumoja anafungua mulango wa balkoni yake. Mukononi iko na sahani ya plastiki na kopo ya maji. Anaweka sahani mu pembe, karibu na ukuta, halafu anarudi kukaa kwa kiti ndani, mulango wazi kidogo. Dakika tano haziishi, ndeke wanashuka.

Wa kwanza ni njiwa wa pori, wale wadogo wenye madoadoa meusi ku shingo. Kisha shomoro, wale wa kila paa. Mwisho wanakuja tundeke tudogo twa tumbo ya buluu, twenye Wafaransa wanaita kordon-ble. Hawa wanatembea wawili wawili, dume na jike, na wanaogopa sana. Ukikohoa tu, wameenda.

Kambo (njo vile watoto wote wa nyumba ile wanamuita) alishika perforatrisi chini ya udongo kwa zaidi ya miaka 20. Alianza kulisha ndeke wakati alipopumzika kazi, juu ya kukosa la kufanya. Siku moja mujukulu wake wa miaka 9 akamwambia: « Kambo, sikia vile tunaimba! »

« Minaangalia », anatuambia. « Minamona kale kanafungula kinywa, kanafunga, kanafungula tena. Sauti, hapana. Nikawaza mutoto ananichezea. Lakini njiwa, ile minaisikia muzuri kabisa. Sasa namna gani moja minasikia, ingine hapana? »

Ulizo hilo linastahili jibu, juu si la Kambo peke yake. Njiwa anaimba kwa sauti nzito, ya chini. Kordon-ble analia kwa sauti nyembamba, ya juu sana. Kelele ya mashine, mutu akikaa ndani yake miaka na miaka, inaharibu kwanza masikio upande wa sauti za juu. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na kile kikikufa hakioti tena. Hakuna dawa ya kukirudisha. Mipaka inayofuatwa mu inchi nyingi ni desibeli 85 kwa siku ya saa 8 za kazi; perforatrisi ya hewa inapita 100, na chini ya udongo kuta zinarudisha kelele ile kwako.

Ubaya wake ni kwamba hauumi. Mutu anasikia bado moteri, anasikia shefu akipiga kelele, anasema: masikio yangu iko muzuri. Bibi yake njo anaanza kulalamika: radio iko juu, watoto wanaongea na baba hajibu, ao anajibu ingine. Mu nyumba ngapi za wafanyakazi watu wamegombana juu ya baba « mwenye kiburi », kumbe baba hasikie?

Ndeke nao walileta ugomvi wao. Mama wa etaji ya chini alipanda ngazi na shuka yake yenye mavi ya njiwa, akaifungula mbele ya mulango. Akaongeza neno ambalo wengi wanalo mu roho: « Batu banakosa bunga, weye unapatia ndeke? » Kambo hakukasirika. Alimuonyesha mufuko: chenga za mahindi na mutama yenye kuvunjika, vile anaomba ku mulini. Konzi moja kwa siku, basi. Tukiwaza vizuri, mama alikuwa na haki ku shuka, lakini si ku bunga.

Toka siku ile sahani haikai tena juu ya chuma ya balkoni. Iko ndani, juu ya ubao wenye kingo, na ubao unaoshwa. Konzi moja inaliwa yote mbele ya saa mbili. Ukiacha nyingi, usiku panya ndiye anakula. Mahindi yenye kuoza ao karanga yenye ukungu hapana: sumu yake inaua ndeke, na mutu pia inamuumiza. Kipande cha papai kinaleta yule wa kichwa cheusi anayeimba mbele ya wote alfajiri. Mukate wa chumvi, acha. Na baada ya kushika sahani, mikono kwa sabuni, kwa watoto zaidi, juu mavi ya ndeke inaweza kubeba magonjwa ya tumbo.

Maji njo kitu kikubwa kuliko chakula. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshe kwetu, majani yanachomwa, na mwezi wa kumi joto linapanda. Maji ya kina cha vidole viwili tu, yabadilishwe kila siku. Sahani ya Kambo jioni iko na vumbi nyekundu chini. Anaimwaga bila kusema kitu.

Mwaka huu amepata kazi ingine ya sahani ile. Mwana wake anafanya ku kariere, ku mashine ya kutoboa mawe. Yenye kofia ya masikio anapewa, lakini anaivaa nusu siku, « juu ya joto ». Siku ya mungu moja Kambo alimukalisha kwa kiti, akamwambia aweke kidole mu sikio la kuume, kisha mu la kushoto, na mujukulu akasimama karibu kuhesabu.

« Hii si kipimo ya munganga », Kambo anasema. « Munganga anakuvalisha vyombo ku masikio, unafinya kila wakati unasikia. Miye niko na ndeke tu. »

Kwa sikio la kuume kijana alisikia wote. Kwa la kushoto alimuuliza mutoto: « Banaimba bado? » Mutoto akajibu ndiyo.

Siku ya kwanza yake alienda ku dispanseri ya kampani kuomba kipimo. Amepewa tarehe. Kofia, bibi yake anasema, sasa anaivaa siku nzima.