Kwa nini Uswidi ilimlilia Astrid Lindgren

FARASI mweupe asiyekuwa na mpandaji, akiongozwa na msichana mdogo, alifuata jeneza la Astrid Lindgren katika barabara za jiji la Stockholm mnamo Machi 8, 2002. Maelfu ya watu walijipanga kandokando ya barabara hizo kumpa mkono wa buriani mwandishi huyo wa hadithi za watoto. Mfalme Carl XVI Gustaf na Malkia Silvia walikuwa miongoni mwa waombolezaji waliohudhuria ibada katika kanisa la Storkyrkan.

Heshima ya aina hiyo aghalabu hutengewa wafalme na viongozi wa serikali. Marehemu hakuwahi kushika wadhifa wowote serikalini. Alizaliwa mwaka wa 1907 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Vimmerby, kusini mwa Uswidi, na akaaga dunia nyumbani kwake Stockholm mnamo Januari 28, 2002, akiwa na umri wa miaka 94. Kwa nini basi taifa zima likamlilia mtunzi wa hadithi za watoto?

Sababu ya kwanza ni urefu wa safari yake. Watoto waliosomewa kisa cha Pippi Långstrump kilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1945 walikuwa wamekwisha kupata wajukuu kufikia siku ya mazishi. Nyumba moja iliweza kuwa na vizazi vitatu vilivyolelewa na sauti ile ile. Kwa wengi wao, aliyezikwa siku hiyo alikuwa sehemu ya utoto wao wenyewe.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Lindgren hakuwaficha watoto huzuni. Katika riwaya yake ya mwaka wa 1954, “Mio, min Mio”, mtoto asiyependwa na walezi wake anafika nchi ya mbali na kugundua kwamba baba yake ni mfalme. Upweke wa mtoto aliyetengwa na mzazi haukuwa jambo geni kwa mwandishi huyo. Mwaka wa 1926, akiwa bado kijana na bila ya kuolewa, alijifungua mtoto wa kiume jijini Copenhagen, akalazimika kumwacha chini ya uangalizi wa familia nyingine kwa takriban miaka mitatu.

Alikwenda mbali zaidi mwaka wa 1973 alipochapisha “Bröderna Lejonhjärta”, hadithi ya ndugu wawili. Karl, mdogo mtu, ni mgonjwa na anajua kwamba hatapona. Jonatan, kaka yake, anamtuliza kwa kumsimulia habari za Nangijala, nchi wanakokwenda wafu. Nyumba yao inaposhika moto, Jonatan anambeba mdogo wake mgongoni na kuruka dirishani. Karl ananusurika, lakini Jonatan anakufa. Baadaye wanakutana huko Nangijala, ambako kuna mtawala katili aitwaye Tengil na joka la kutisha, Katla. Mwishoni Jonatan anaunguzwa na moto wa joka hilo na kuanza kupooza. Safari hii ni Karl, yule mwoga na mnyonge, anayembeba kaka yake mgongoni na kuruka gizani.

Baadhi ya wahakiki walikishutumu kitabu hicho wakidai kuwa kinakipamba kifo mbele ya watoto. Hata hivyo, watoto wenyewe walikipokea kwa mapenzi makubwa. Mtoto anayeugua, au aliyefiwa na ndugu, huwa tayari ana maswali ambayo watu wazima huogopa kuyajibu. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lindgren alikataa kuficha, naye alifanya hivyo kwa upole, akimshika mtoto mkono.

Hata katika uzee wake hakulikwepa suala hilo. Yeye na dada zake walikuwa na mazoea ya kuanza mazungumzo ya simu kwa kutamka neno “kifo” mara mbili, ili mada hiyo iishe mapema na waendelee na mengine.

Aidha, marehemu alitumia umaarufu wake kuwatetea wasio na sauti. Alipopokea Tuzo ya Amani ya wauzaji vitabu wa Ujerumani jijini Frankfurt mwaka wa 1978, alihutubu dhidi ya kuwachapa watoto. Mwaka uliofuata, Uswidi ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu ya viboko hata nyumbani.

Mwaka huo huo wa kifo chake, serikali ya Uswidi ilianzisha tuzo ya fasihi ya watoto kwa jina lake, yenye thamani ya krona milioni 5. Manufaa yake yamefika hadi barani Afrika: mwaka wa 2015 ilitwaliwa na PRAESA, shirika la Afrika Kusini linalohimiza watoto kusoma katika lugha zao.

Waliosimama barabarani siku ile walikuwa wakimlilia mtu aliyewazungumzia habari za kifo tangu wakiwa wadogo. Yawezekana ndiyo maana walijua namna ya kumuaga.