Juu ya nini kijana mwenye diploma anafurahia nguruwe

Tangu nimalize agronomia, swali ninaloulizwa kuliko yote huku Bagira ni hili: «Weye, ulisoma miaka tano juu ukuje kuchunga nguruwe?» Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa huruma ya kweli, hasa wamama waliouza viwanja vyao ili watoto wasome. Jibu la haraka ambalo kila mutu anatoa ni kwamba hakuna kazi, basi vijana wanashika chochote. Ni kweli kidogo. Lakini jibu hilo halielezi kijana ambaye anaamka saa kumi na moja ya asubuhi, hata simu hajaiangalia, anakimbia kwanza bandani kuona kama watoto wa nguruwe wamelala vizuri. Mutu anayesukumwa na njaa peke yake hafanyaki vile. Kuko furaha ndani, na ni ile furaha ninataka kueleza leo.

(Ndugu zetu Waislamu na Waadventista watusamehe kwa nyama hii. Wanaweza kusoma mahali pa nguruwe wakaweka mnyama wanayemufuga wao, mambo mengi ni yale yale.)

Kwanza kabisa, nguruwe anajibu. Sisi tuliomaliza masomo tunajua kungoja. Unapeleka barua ya kuomba kazi, unapeleka nakala ya diploma, unapeleka picha mbili za pasipoti, kisha kimya. Mwaka unapita, wa pili unapita. Nguruwe yeye ana kalenda ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaishika: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ni siku 114 hivi toka siku ya kupandishwa mpaka siku ya kuzaa. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa na kuzaa ndama mmoja. Mama nguruwe akilishwa vizuri anazaa nane, kumi, hata kumi na wawili, na kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa mara mbili. Katika mabanda ya vijana wa huku utaona tarehe zimeandikwa ukutani kwa mkaa, na zinahesabiwa kama watu wanavyohesabu siku za kufika likizo. Kwa kijana ambaye maisha yake yote yako «tungoje kwanza», tarehe inayokuja kweli siku yake ni kitu kikubwa sana.

Usiku wa kuzaa usiuseme. Kila mutu wa nyumba yuko nje, mmoja ameshika tochi, mwingine anapangusa watoto kwa kitambaa kikavu, mwingine anahesabu kwa sauti. Baadaye unaona jambo ambalo mimi mwenyewe sijalichoka: katika siku chache za kwanza kila mtoto anapigania titi lake, na akishalipata analirudilia lile lile mpaka kuachishwa. Matiti ya mbele, karibu na kifua, kwa kawaida njo yenye maziwa mingi, na wenye nguvu wanayakamata. Yule mdogo anabaki nyuma. Basi kijana anaanza kazi ya kumshika huyu mdogo na kumweka mbele wakati wakubwa wameshiba. Akipona, anapewa jina. Nimeona wavulana wagumu wa mtaa, wale hawasalimiaki hata mutu, wanakaa nusu saa nzima juu ya mtoto wa nguruwe wa kilo moja.

Na mnyama huyu ana akili, bana. Watu wanamutukana bure. Mwaka 2021, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue huko Marekani walitangaza kazi waliyofanya na nguruwe wanne: waliwafundisha kusukuma kijiti kwa pua ili kuendesha alama kwenye kioo cha kompyuta, na wakielewa wanapata chakula. Wote wanne walifaulu kwa kiasi fulani, ingawa kijiti kile hakikufanywa kwa ajili ya pua. Hapa kwetu hatuna kompyuta ya kuwapa, lakini mfugaji yeyote atakuambia kwamba nguruwe wake wanatambua mlio wa ndoo ya chakula na sauti ya ndoo ya maji, na hawapigi kelele ile ile. Uchafu je? Ukimpa nafasi ya kutosha, nguruwe anachagua pembe moja ya kujisaidia na pembe nyingine ya kulala, wala hachanganyi. Anajipaka matope kwa sababu jasho lake ni kidogo sana na jua linamuchoma. Mutu akimufungia mahali pa metri moja, kisha akasema nguruwe ni muchafu, kosa ni la mwenye banda.

Sasa nifike kwenye hesabu, kwa sababu hapo njo wengi wetu tunanaswa. Siku moja rafiki mmoja alileta bandani ile mita ya kitambaa ya fundi wa kushona. Tulipima mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele: sentimetri 95. Tukapima urefu toka katikati ya masikio mpaka mwanzo wa mkia: 95 tena. Hesabu inakuwa hivi, kwa metri: mzunguko mara mzunguko, mara urefu, mara 69,3. Yaani 0,95 mara 0,95 mara 0,95 mara 69,3. Inatoka kilo 59. Si mizani, inaweza kupotea kilo kadhaa huku au kule, lakini inatosha.

Inatosha kwa kitu gani? Kwa mnunuzi. Yule papa anakuja na kamba yake begani, anaangalia nguruwe kwa jicho moja, anasema: «Hii haifike hata kilo makumi ine, niko nakusaidia tu.» Zamani kijana alikuwa ananyamaza, kwa sababu mkubwa amesema. Leo anatoa mita mfukoni, anasema: «Papa, kwa heshima yenu, tupime pamoja.» Wanapima. Bei inapanda pale pale. Mimi naona furaha kubwa ya vijana katika ufugaji huu iko hapo, kuliko hata kwenye pesa yenyewe: masomo yamejibu, mbele ya mutu aliyesema hayatajibu. Algebra ile tuliyoilia shuleni imekuja kukaa kwenye mgongo wa nguruwe.

Juu ya chakula sitakawia. Majani ya viazi vitamu, pumba za mahindi, dreshi ya kiwanda cha bia wakati inapatikana, mashudu ya mawese, soya iliyokaangwa, vumbi la sambaza kutoka ziwani. Kila kijana ana mchanganyiko wake na anauficha kama mama anavyoficha siri ya mchuzi.

Kuonyesha, sasa. Ufugaji bila kuonyesha ni nusu ya furaha. Marekani jambo hili ni kubwa. Kuko chama cha watoto na vijana kinaitwa 4-H, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Zile H nne zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Kuko pia FFA ya wanafunzi wa kilimo, iliyoanzishwa 1928. Mtoto anapokea nguruwe mdogo, anamlea miezi kadhaa, anaandika kwenye daftari kila chakula na kila senti, kisha wakati wa maonyesho ya wilaya anamleta akiwa na kilo kama 120. Wanaingia uwanjani, mtoto anaongoza nguruwe wake kwa kijiti kidogo tu, bila kamba. Kuko shindano ambamo mwamuzi anahukumu umbo la nguruwe, na kuko lingine ambamo anamhukumu mtoto: je, anamtuliza mnyama, je, anajua umri wake na chakula chake, je, nguruwe wakianza kupigana anabaki mutulivu? Mwisho wanyama wengi wanauzwa na kwenda kuchinjwa, na watoto wengi wanalia. Wakongomani wengi wanaishi Iowa, wengine wanafanya kazi katika viwanda vya nyama kule, katika jimbo lenye nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu milioni 3 tu na kidogo. Mukiwa na ndugu kule, mumuulize, atawaelezea hayo maonyesho.

Basi vijana wetu wanapenda kufanya vile vile. Kila mwaka mutu anatoa wazo: tukusanye nguruwe wote kwenye kiwanja cha mpira, tualike wakubwa, tutoe zawadi. Mimi kila mara ninapinga, na nataka muelewe sababu, maana wengine wanasema nina wivu.

Kuko ugonjwa tunaouita pesti, yaani tauni ya nguruwe ya Afrika. Ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo hauna dawa. Chanjo ambayo mfugaji wa huku angeweza kwenda kununua, hakuna. Haushiki watu, lakini nguruwe ukiingia kwa nguvu wanakufa karibu wote, kwa siku chache: homa kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au vya rangi ya zambarau, hawakule, wanarundikana, kisha ni kimya. Virusi vinatembea na damu, na vipande vya nyama, na viatu, na ndoo, na kamba ya mnunuzi aliyetoka kwenye banda lingine, na lile dume moja linalozungushwa mtaa mzima kupandisha. Ukikusanya nguruwe arobaini kwenye kiwanja kimoja na mmoja ameanza kuumwa bila kuonekana, jioni unarudisha kifo katika nyumba arobaini. Na adui anayeusambaza kuliko wote ni woga wetu: nguruwe wa kwanza akifa, jirani anauza wake haraka haraka, kwa bei yoyote, na nyama inasafiri. Ninasema wazi hapa, hata kama wengine watakasirika: anayefanya vile anamaliza wafugaji wenzake.

Tena mnyama anayezurura anakula kinyesi cha watu na kuokota mayai ya tegu. Nyama yake isipoiva inampa mutu tegu, na mayai ya tegu yakiingia kwenye mwili wa mutu, vifuko vyake vinaweza kufika mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo nguruwe abaki bandani, choo cha nyumba kiwe na mlango, nyama ipikwe mpaka iive kabisa. Kamundele ya haraka haraka yenye damu ndani, apana.

Lakini kuonyesha hatuachi. Sisi tunafanya hivi: nguruwe anabaki kwake, picha njo inasafiri. Kila Jumapili jioni, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kila mmoja anatuma video ya dakika moja: mita ikiwa kifuani, namba ikisomwa kwa sauti, daftari likifunguliwa ukurasa wa wiki hiyo. Tunalinganisha nani ameongeza kilo ngapi kwa chakula kiasi gani. Anayeshinda hapewi kombe, anapewa mfuko wa pumba ambao wote tumechangia. Kubishana ni kwingi, na kucheka vile vile. Mutu akitaka kutembelea banda la mwingine, anavua viatu, anavaa bote za pale pale, anapita kwenye maji ya dawa.

Kitu kimoja cha mwisho. Mwanzoni mwa 2025 benki zilipofunga milango hapa Bukavu na Goma, wengi walibaki na pesa ambayo hawawezi kuigusa. Katika kikundi chetu binti mmoja, aliyesoma mambo ya uhasibu, alikuwa na nguruwe watatu nyuma ya nyumba. Aliuza mmoja, akalipa dawa za mama yake na kununua mahindi. Hakuomba mutu. Wale wawili aliwaacha, na mmoja wao sasa ni mama nguruwe ambaye ameshazaa mara mbili. Jumapili iliyopita binti huyo alituma video: ukutani ameandika siku ya 107, nyasi kavu ziko tayari pembeni, na ameazima taa ya sola kwa jirani.