Mwimbaji Akisepa, Bendi Inabaki ya Nani? Soma Stori ya Queen Kabla Mrekodi

Niko na swali moja, na usijibu haraka. Mko wanne kwa kundi. Mwimbaji wenu, ule msee kila mtu mtaani anamjua kwa sauti, anapata kazi Qatar. Anapanda ndege. Nyinyi watatu mnabaki na biti kwa simu, gita moja, spika ya kukopa na jina la kundi. Mnatafuta mwingine mrekodi naye albamu, ama kila mtu anashika njia yake?

Hii si mfano wa kutunga. Ni stori ya base yetu hapa Lunga Lunga. Kama hujawahi fika, huku ndio mwisho wa Kenya. Ukitoka Likoni upite Ukunda na Msambweni, lami inakuleta hadi mpakani, ng'ambo ni Horohoro, Tanzania. Jioni malori yakipanga foleni, sisi tuko nyuma ya kibanda cha chai tukifanya mazoezi. Mwimbaji wetu alisepa mwezi wa pili. Tuko na ngoma sita. Nne ziko na sauti yake, mbili hazina. Na kuna kijana anauza kadi za simu hapo steji ya matatu, manze huyo anaimba noma. Tangu tumskie, kundi limekuwa kelele tu. Mmoja anasema turekodi naye. Mwingine anasema huo ni usaliti.

Mimi nilidropu chuo mwaka wa pili, so usitegemee mambo ya darasani. Lakini nimekaa nikachimba venye bendi kubwa zilifanya mwimbaji akitoka. Na ile imenifunza zaidi ni bendi ya rock ambayo mwimbaji wake alizaliwa hapa hapa pwani yetu.

MTOTO WA UNGUJA

Wengi hudhani Freddie Mercury wa Queen alikuwa mzungu wa London. Zii. Jina la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, baba akifanya kazi ya serikali ya Muingereza hapo kisiwani. Freddie alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja, halafu Mapinduzi ya 1964 yakatokea na familia ikahamia Uingereza.

Huko ndiko yeye, Brian May wa gita na Roger Taylor wa dramu walianzisha Queen mwaka 1970. Mwaka uliofuata John Deacon akaingia na besi. Ile We Are the Champions unaiskia kila timu ikiinua kombe? Freddie ndiye aliiandika.

Sasa shika hii, itatusaidia mbele: Queen hawakuwa na mwandishi mmoja. Bohemian Rhapsody ni ya Freddie. We Will Rock You ni ya May. Radio Ga Ga ni ya Taylor. Another One Bites the Dust ni ya Deacon. Wanne wote walikuwa wanaleta hits mezani.

Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, miaka 45, kwa nimonia iliyotokana na UKIMWI. Alikuwa ameambia dunia kuhusu ugonjwa wake siku moja tu kabla. Mwaka 1995 wenzake walitoa albamu ya Made in Heaven, wakitumia sauti alizokuwa ameacha studio. Halafu 1997 Deacon akaachana na bendi kabisa. Hesabu basi: kati ya wanne, walibaki wawili.

ALAMA YA KUJUMLISHA

Mwaka 2004 May alipiga jukwaa moja na Paul Rodgers, wakaskizana. Rodgers hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa ameimba na Free, wale wa All Right Now ya 1970, halafu akawa na Bad Company. Sauti yake ni ya blues, nzito, ya kifua. Freddie alikuwa tamthilia nzima, leo opera, kesho disko. Hao ni watu wawili tofauti kabisa.

2005 wakaanza kuzunguka na shoo, na jina likaandikwa hivi: Queen + Paul Rodgers. Angalia hiyo alama ya kujumlisha. Hawakusema huyu ni Queen. Walisema ni Queen, halafu kuna huyu. Ilikuwa heshima kwa Freddie, na pia njia ya kuwapoza mafans. Lakini hiyo alama iliwafuata hadi studio.

Septemba 2008 wakaachilia The Cosmos Rocks. Ngoma 14. Ilikuwa albamu ya kwanza ya studio kwa jina la Queen tangu Made in Heaven, yaani miaka 13. Waliirekodi studio ya nyumbani kwa Taylor. Besi ya Deacon haikuwepo, kwa hivyo May na Rodgers wakashika besi wenyewe. Albamu waliitoa kwa kumbukumbu ya Freddie. Ndani kuna Say It's Not True, ngoma ambayo Taylor alikuwa ameandika kwa kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI, ile ya 46664, nambari yake ya jela. Ugonjwa uliomchukua mwenzao, wakauimba. Hapo huwezi sema walifanya mchezo.

Matokeo je? Uingereza iliingia nambari 5. Marekani ikaishia 47. Na mwezi huo huo albamu ilipotoka, walipiga shoo ya bure Kharkiv, Ukraine, mamia ya maelfu ya watu wakajaa uwanjani. Lakini Mei 2009 wakaachana kwa amani. Albamu moja, kwisha.

KWA NINI UWANJA UJAE NA ALBAMU ISISHIKE?

Hapa ndio stori inakuwa tamu. Watu haohao waliojaa uwanjani ndio hawakuishika albamu. Kwani nini ilifanyika?

Mimi naona hivi. Kwa konsati, fan anakuja na sauti ya Freddie tayari kichwani. Rodgers akianza mstari, uwanja mzima unaumaliza. Freddie yupo, amebebwa na watu. Albamu mpya haina hiyo bahati. Uko peke yako na earphone, ngoma hujawahi kuiskia, na sauti ni ya mgeni. Unajiuliza: hii ni Queen ama ni Paul Rodgers na marafiki?

Ushahidi ni Adam Lambert. Huyo amekuwa akiimba na Queen tangu 2012, viwanja vinajaa miaka nenda miaka rudi, lakini pamoja hawajatoa albamu hata moja ya studio ya ngoma mpya. Walichotoa 2020 ni Live Around the World, rekodi za shoo, na ilienda hadi nambari 1 Uingereza. Ngoma zilezile za kitambo. Kuimba za zamani jukwaani ni kukumbuka pamoja. Kurekodi mpya ni kuomba watu wakupende upya, na hilo ni ombi kubwa.

LAKINI NGOJA, KUNA WALIOTOBOA

Usikimbie kumwambia muuza kadi arudi steji. Skia ya AC/DC.

Mwimbaji wao Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo, miezi mitano tu baadaye, wakatoa Back in Black na Brian Johnson, msee wa kaskazini mwa Uingereza ambaye wengi hawakumjua. Leo hiyo albamu imepita mauzo ya milioni 25 Marekani pekee, na ni kati ya albamu zilizouzwa zaidi duniani. Hata Bon Scott mwenyewe aliingia 1974 kuchukua nafasi ya mwimbaji mwingine.

Na si lazima twende mbali. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65, na Tanga ndiko walizaliwa Wilson na George Kinyonga, mandugu walioanzisha Simba Wanyika walipohamia Mombasa mwaka 1971. Hiyo si rock, ni rumba, lakini tatizo ni lilelile. Mwaka 1978 sehemu ya bendi ikajitoa ikaunda Les Wanyika: Omari Shabani wa gita la rithimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na Issa Juma kwa sauti. John Ngereza akajiunga, gita na kuimba. Ndio hao wa Sina Makosa, ile ngoma mzee wako akiiskia kwa matatu anaacha kuongea.

Halafu Issa Juma, na hiyo sauti yake nzito, akasepa akaunda Super Wanyika na kupiga Sigalame. Wengine wangekufa. Les Wanyika hawakufa. Ngereza akashika maikrofoni, zikaja ngoma kama Pamela, na bendi ikaendelea hadi alipofariki mwaka 2000. Kwa nini? Cheza ngoma yao yoyote, usingoje mtu aanze kuimba. Gita la Shabani na besi ya Malanga zimeshakwambia hawa ni nani. Na Ngereza hakuwa mgeni, alikuwa wa nyumba.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Moja: sauti ya kundi lenu iko mdomoni au vidoleni? AC/DC ni gita za akina Young, ndugu wawili, Angus na Malcolm. Bon alipotoka, gita zilibaki. Les Wanyika pia. Queen ilikuwa vichwa vinne na viwili vilikuwa vimeenda. Jaribu hivi: chezea mtu biti yenu bila mwimbaji. Akiwatambua, mko na bendi. Asipowatambua, mlikuwa mnamsindikiza mtu mmoja.

Mbili: huyu mpya anaingia kama nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Johnson aliingia, akaandika mistari ya albamu nzima pamoja na akina Young, na jina likabaki AC/DC tu. Rodgers jembe alipewa, aliandika na kupiga. Lakini nyumba hakupewa. Alikuwa na jina lake kubwa kando, na pa kurudi. Mtu wa pembeni hata akiimba vipi, fan atamsikiliza kama mtu wa pembeni.

Tatu: aliyeenda mnamweka wapi? Back in Black ina jalada jeusi la maombolezo na inaanza na kengele. Hawakujifanya Bon hakuwahi kuwepo, na Johnson hakumuigiza. Linkin Park nao, baada ya Chester Bennington kufariki 2017, walikaa miaka saba. Wakarudi 2024 na From Zero, mwimbaji akiwa mwanamke, Emily Armstrong. Na kama wenu yuko hai, heshima inamaanisha pia karatasi. Nani aliandika nini, nani anakula nini, jina la kundi ni la nani. Andikeni chini, na kazi mkaisajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya mkiwa bado mnaongea vizuri. Mkishakosana, kila mtu atakumbuka yake.

SISI TUMEAMUA NINI?

Jumapili tulimpigia msee wetu wa Qatar video call. Alikuwa ametoka shifti, bado amevaa buti. Tukamcheza biti zote sita bila sauti. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka, akasema hata yeye angetujua kwa lile gita.

Tulikubaliana hivi. Zile nne zinabaki na sauti yake, hatuzigusi, na chapaa yoyote ikiingia inagawanywa kwa wanne. Zile mbili anapewa kijana wa kadi za simu, na aandike mistari yake mwenyewe, asikopi mtu. Tukaandika kwa karatasi ya daftari, tukaipiga picha, tukamtumia na yeye akaitia sahihi hukohuko.

Jumamosi tunaenda studio Ukunda. Kijana amekubali kila kitu. Ameuliza swali moja tu, na ndio limetukalisha hadi saa sita usiku: kwa jalada, jina lake litaandikwa na ile alama ya kujumlisha, ama bila?