Kadaga: Kutoka kiti cha Spika hadi mipaka yetu

UKITOKA Jinja kwenda Kamuli unapita Buwenge, katikati ya mashamba ya miwa. Nimepanda matatu za njia hii mara nyingi, na ni nadra jina la Rebecca Alitwala Kadaga lisitajwe kabla ya kushuka. Mmoja humsifu, wa pili humlaumu. Ndugu zetu mliorejea kutoka ughaibuni huuliza: mama huyu ni nani hasa?

Alizaliwa Mei 24, 1956, akasoma Namasagali, kando ya Nile. Wafanyabiashara mniruhusu nichepuke kidogo. Namasagali ilikuwa bandari. Reli iliyojengwa mwaka 1912 ilileta mizigo kutoka Jinja, kisha meli zikaibeba hadi Masindi Port. Biashara ilipokufa, majengo yake yakageuzwa shule, na humo akapita Spika mtarajiwa.

Alihitimu sheria Makerere mwaka 1978. Mwaka 1984 akawa mwanamke wa kwanza Uganda kufungua ofisi yake binafsi ya uwakili. Aliingia bungeni mwaka 1989 kwa kiti cha wanawake wa Kamuli, akawa waziri wa nchi, Naibu Spika mwaka 2001, na Mei 2011 Spika, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2011, aliwaita wabunge kutoka mapumzikoni kujadili mikataba ya mafuta. Serikali ilibanwa kweli kweli. Kwangu mimi, huyo ndiye Kadaga aliyekuwa bora zaidi.

Lakini tusimpake mafuta. Desemba 2013 alipitisha muswada dhidi ya ushoga ingawa Waziri Mkuu, Amama Mbabazi, alihoji akidi. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kasoro hiyo hiyo. Wakili wa miaka mingi alishindwaje kuhesabu vichwa? Septemba 2017, katika mjadala wa ukomo wa umri wa rais, aliwasimamisha wabunge 25, na walinzi wakawatoa ukumbini kwa nguvu. Baadaye alimwandikia Rais akidai maelezo kuhusu uvamizi huo. Muswada ulipita Desemba kwa kura 317 dhidi ya 97.

Mei 24, 2021, siku aliyotimiza miaka 65, chama chake kilikuwa tayari kimemuunga mkono Jacob Oulanyah. Kadaga hakurudi nyuma. Oulanyah alipata kura 310, yeye 197. Mwezi uliofuata aliteuliwa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza na Waziri wa masuala ya Afrika Mashariki.

Hapo ndipo alipotugusa sisi wa Busia na Malaba. Alirithi ugomvi mbichi: Machi 2021 Kenya ilikuwa imezuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu. Bungeni Spika akisema kaa, unakaa. Katika Jumuiya, waziri wa Uganda huketi na wenzake walio sawa naye, na kila mmoja ana wakulima wake nyumbani. Congo ilipoingia mwaka 2022 soko lilipanuka, na meza ya mazungumzo nayo ikarefuka.

Agosti 2025 aliangushwa vibaya na Anita Among katika uchaguzi wa ndani ya chama. Busoga iliumia, na pale Buwenge ubishi haukuisha kwa siku moja.

Kwa mwenye magunia yake machache, utaratibu wa Jumuiya unasema hivi: bidhaa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani. Kiombe kwa jina, kabla hujampa mtu yeyote pesa.